Farasi Dume Wanaoishi Huru: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Assateague ni kisiwa chembamba cha mchanga kwenye pwani ya mashariki ya Marekani. Kina urefu wa kilomita 60 hivi. Upande wa kaskazini uko jimbo la Maryland na wa kusini Virginia. Farasi wake hawana zizi wala mchungaji. Nimekuwa nikienda kuwatazama kwa miaka kadhaa, na kila nikiwatumia ndugu na marafiki picha kwenye simu, maswali huja mfululizo, na karibu yote yanamhusu dume. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Baadhi ya majibu nimeyaona kwa macho yangu. Mengine yametoka kwa watafiti waliokaa na farasi wa namna hii kule Nevada, Camargue kusini mwa Ufaransa, milima ya Kaimanawa nchini Nyuzilandi, na Misaki nchini Japani.

Hao ni farasi mwitu kweli?

Kisayansi, hapana. Ni uzao wa farasi waliofugwa, wakatoroka au wakaachiwa, wakazoea kujitafutia wenyewe. Farasi wa asili wa Amerika Kaskazini walitoweka yapata miaka 10,000 iliyopita. Waliopo leo ni wajukuu wa farasi waliovushwa bahari na Wazungu, Wahispania wakitangulia katika karne ya 16. Wa Assateague inaelekea waliachwa kisiwani na wakulima wa karne ya 17, waliotaka kukwepa kodi ya mifugo na gharama za uzio.

Jambo linalonishangaza mpaka leo ni hili: maelfu ya miaka ya kufugwa hayakuifuta tabia yao ya asili. Waachie farasi jangwani, mlimani au kisiwani, na baada ya muda si mrefu utakuta wamejipanga katika familia zile zile, na makapera wale wale pembeni.

Familia ya farasi ina nani na nani?

Dume mmoja mzima, majike wawili au watatu, mara chache wakifika sita au zaidi, na watoto wao wa mwaka huu na wa mwaka jana. Wanakaa pamoja mwaka mzima. Hapo farasi anatofautiana sana na swala pala, ambaye dume wake hushika kipande cha ardhi na kungoja majike wapite. Farasi dume hana shamba la kulinda. Maeneo ya malisho ya familia mbalimbali yanaingiliana, na kisimani hukutana wote. Anacholinda ni wenzake, popote walipo.

Majike kwa kawaida si dada. Kila mmoja aliondoka kwao akiwa kijana, akaja kukutana na wenzake ukubwani. Hata hivyo urafiki wao ndio uti wa mgongo wa familia. Utafiti wa Kaimanawa uliochapishwa mwaka 2009 na Elissa Cameron na wenzake ulionyesha kwamba majike wenye urafiki wa karibu zaidi na wenzao walisumbuliwa kidogo zaidi na madume, na walipata watoto wengi zaidi waliosalimika.

Kwa hiyo dume ndiye sultani wa hao wote?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Picha ya sultani na wake zake ni ya binadamu. Ukikaa na darubini saa tatu nne huioni.

Familia ikihama kwenda majini, mara nyingi anayeanza kutembea ni jike, na si lazima awe jike yule yule kila siku. Dume hufuata nyuma kabisa, akisimama kila baada ya hatua kadhaa kuangalia walikotoka. Kwenye malisho, jike mzee akimlazia masikio dume, dume hupisha. Mwaka 1982 Katherine Houpt na Ronald Keiper walichapisha uchunguzi uliowahusu pia farasi wa Assateague, wakaeleza kwamba dume hakuwa mwenye cheo cha juu kuliko wote katika kundi, wala hakuwa mkali kuliko wote. Nilipousoma uchunguzi huo nilifurahi, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikiona.

Lipo jambo moja ambalo dume hulifanya kwa nguvu: kuwaswaga. Dume mgeni akitokea, mwenye familia hushusha kichwa mpaka pua inakaribia kugusa mchanga, masikio ameyalaza nyuma kabisa, shingo ikiyumba kulia na kushoto kama nyoka anayeogelea. Akiwajia hivyo, majike hukusanyika na kuondoka. Wengi wanaoona tendo hili husema, "Si unaona anavyowatawala?" Lakini angalia vizuri anawapeleka wapi: mbali na mgeni, basi. Hatari ikipita, anainua kichwa na kurudi kula, na majike wanakwenda wanakotaka. Tena si ajabu kuona jike akipuuza, au akigeuka na kumtandika mateke ya kifuani.

Ukiniuliza mimi, nitasema dume ni mlinzi, na ajira yake inategemea wanaolindwa waridhike. Asiyejua kukaa na majike huwapoteza hata kama ana misuli.

Makapera ni akina nani?

Ni madume wasio na familia. Hesabu yake ni nyepesi: watoto wa kiume na wa kike huzaliwa karibu idadi sawa. Dume mmoja akikaa na majike watatu, kuna madume wengine wawili mahali fulani wasio na jike hata mmoja. Kwa hiyo maisha ya kawaida ya farasi dume, kwa miaka mingi, ni ukapera. Tunaowapiga picha na watoto miguuni ni wachache waliofanikiwa, na pengine ni kwa muda tu.

Makapera hukaa wawili, watatu, wakati mwingine zaidi ya hapo. Kundi lao halishikamani kama familia. Leo huyu yupo, mwezi ujao kahamia kwingine. Shughuli yao kubwa ni mchezo wa kupigana. Wanaumana shingo, wanapiga magoti ili kukwepa kung'atwa miguu ya mbele, wanasimama kwa miguu ya nyuma na kukumbatiana mabegani, halafu ghafla wanaacha na kula majani bega kwa bega. Wanakunana pia, kila mmoja akimtafuna mwenzake mgongoni kwa meno ya mbele, hasa pale penye mfupa kati ya shingo na mgongo ambapo mwenyewe hafiki.

Je, baba humfukuza mwanawe?

Mara chache kuliko watu wanavyodhani. Kijana huondoka akiwa na miaka miwili au mitatu hivi, na wengi huondoka wenyewe. Mama amezaa mwingine, wenzake wa kucheza wamekwisha, na kule ng'ambo ya kinamasi kuna makapera wanaocheza kutwa. Siku ya kwanza anakwenda na kurudi. Wiki inayofuata harudi.

Wapo wanaofukuzwa, hasa wanapoanza kuwanusa majike kwa namna ya kiutu uzima. Lakini nimeona pia baba na mwana wa miaka mitatu wakilala mchana jua la saa sita, kila mmoja mkia wake ukimpungia mwenzake nzi usoni.

Anakuwa tayari kuzaa akiwa na umri gani?

Mwili unakuwa tayari akikaribia miaka miwili. Jamii yake inakuwa tayari baadaye sana. Madume wengi hupata familia ya kwanza wakiwa na miaka mitano, sita au zaidi. Katika umri wa miaka minne hadi mitano ndipo meno yao ya chonge humalizika kuota, yaliyo katikati ya meno ya mbele na magego. Majike wengi hawana kabisa meno hayo, au wanayo madogo sana. Hayamsaidii kula, ukiona makovu ya shingoni utajua kazi yake.

Sue McDonnell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyefuatilia kwa miaka mingi kundi la poni, yaani farasi wa kimo kifupi, walioachwa waishi kama porini, alionyesha kwamba dume akipata majike mwili wake hubadilika. Homoni ya kiume hupanda, korodani huongezeka ukubwa, na tabia ya kuweka alama kwa kinyesi huongezeka. Akipoteza familia na kurudi ukaperani, hayo yote hushuka. Mwili unaifuata hali ya maisha yake.

Familia ya kwanza anaipataje?

Njia ya kawaida haina vita kubwa: anakutana na jike kijana aliyeondoka kwao. Wanatembea pamoja, wakizoeana ndiyo mwanzo wa familia. Njia nyingine ni kuandama familia ya mtu kwa miezi, akikaa mita mia mbili nyuma, akingoja mwenye familia azeeke, aumie au achoke. Wapo wanaorithi baada ya dume kufa. Wanaonyang'anya kwa vita ya siku moja wapo, lakini hao ndio wanaoonekana kwenye filamu, na wametupotosha.

Madume wawili wakikutana inakuwaje?

Nikueleze nilichokiona jioni moja ya Mei, kwenye ukingo wa kinamasi cha maji chumvi upande wa Maryland.

Dume mwekundu mwenye familia alikuwa anakula. Mweusi akatokea nyuma ya matuta ya mchanga, peke yake. Mwekundu akainua kichwa, akasimama bila kutikisika kwa muda mrefu, masikio yote mbele. Kisha akaanza kwenda. Hakwenda shoti wala mwendo wa kawaida; alikuwa akiinua magoti juu, shingo ameikunja kama upinde, mkia umesimama. Mweusi akamjia hivyo hivyo. Wakafikishana pua kwa pua, matundu ya pua yamefumuka, wakivuta pumzi ya kila mmoja. Nilikuwa mbali, lakini upepo ulikuwa unakuja kwangu, na nikazisikia zile pumzi. Wakanusana shingo, mbavu, mpaka kinenani. Ghafla ukatoka ukelele mkali mwembamba, mwekundu akapiga hewa kwa mguu wa mbele, na wote wawili wakageuka kwenda kwenye chungu la mavi lililokuwa karibu.

Hapo sasa kila mmoja alinusa, akageuka, akanya juu ya lile chungu, akageuka tena kunusa alichoweka. Mwekundu, kisha mweusi, kisha mwekundu tena. Baada ya hapo mweusi akaondoka zake polepole. Hakuna aliyeguswa hata unywele.

Mikutano mingi huishia hivyo. Kila mmoja ameshampima mwenzake kwa harufu, sauti na mwili, na aliyejiona mdogo ameondoka na miguu yake minne. Wasipoafikiana, hapo inakuwa vita ya kweli: kung'ata magoti ya mbele ili adui aanguke, kusimama na kupigana kwato za mbele, kugeuka na kurusha mateke ya nyuma. Farasi aliyevunjika mguu au taya kisiwani hana daktari. Ndiyo maana wanazungumza kwanza.

Kwa nini wanarundika mavi mahali pamoja?

Chungu hizo ni kama ubao wa matangazo. Madume huzitumia kwenye njia za kwenda majini, na kila apitaye husoma na kuongeza la kwake. Na si chungu tu: jike wa familia akikojoa au kunya, dume huja, hunusa, kisha hukojoa juu yake. Inaelekea anafunika harufu ya jike ili madume wengine wasijue hali yake.

Na ule mdomo wa juu anaoukunja kama anayecheka?

Hacheki. Juu ya kaakaa lake kuna kiungo cha Jacobson, kinachonasa harufu nzito zisizopeperuka vizuri hewani, kama zilizo katika mkojo. Dume hunusa mkojo wa jike, huinua kichwa, hukunja mdomo wa juu na kuziba pua, ili harufu ifike kwenye kiungo hicho. Hivyo ndivyo anavyojua kama jike anakaribia joto, yaani siku za kuwa tayari kupandwa. Majike na watoto nao hufanya, ila si mara nyingi kama dume.

Msimu wa kuzaliana ni lini?

Majira ya kuchipua na kiangazi, mchana unaporefuka. Mwanga ndio unaoamsha mwili wa jike. Mzunguko wake ni siku 21 hivi, na katika hizo yupo kwenye joto siku tano hadi saba. Mimba hukaa miezi 11, kwa hiyo Assateague watoto wengi huzaliwa kati ya Aprili na Juni.

Jike huingia tena kwenye joto siku saba hadi kumi tu baada ya kuzaa. Kuzaa na kupandwa kwa hiyo ni majira yale yale, na dume katika wiki hizo hapumziki: kuna kichanga cha kulindwa, kuna mama anayetafutwa na makapera wa eneo lote. Kufikia Agosti, baadhi yao mbavu zinahesabika.

Je, dume humlazimisha jike?

Jike wa farasi ana uzito unaokaribiana na wa dume na mateke yenye uwezo wa kuvunja mfupa. Asipotaka, hapandwi kirahisi. Anapokuwa tayari yeye ndiye anayemsogelea dume, anainua mkia pembeni, anatanua miguu ya nyuma na kutoa mkojo kidogo kidogo. Dume humnusa, humlamba, hung'atang'ata ubavuni, hujaribu na kurudi nyuma. Tendo lenyewe huchukua chini ya dakika moja.

Wapo vijana wasiojua kusoma ishara hizo. Wanapigwa, wanajifunza.

Nimeona dume amesimamisha uume bila jike kuwa karibu. Ni mgonjwa?

Hapana. Kwa farasi, punda na punda milia, hilo hutokea kila baada ya dakika 90 hivi, hata kwa dume aliye peke yake au anayepumzika. Wafugaji wa zamani waliona ni tabia mbaya, wakawa wanawaadhibu farasi kwa jambo la kawaida la mwili.

Watoto wote wa familia ni wa dume mwenye familia?

La. Mwaka 1990 Ann Bowling na R. W. Touchberry walichapisha matokeo ya vipimo vya damu vya farasi wa eneo la Great Basin huko Nevada, na karibu theluthi moja ya watoto hawakuwa wa dume waliyekutwa naye. Huko Misaki kiwango kilikuwa chini ya hapo, lakini kilikuwepo.

Sababu ni zaidi ya moja. Jike huenda alihama familia akiwa tayari na mimba. Au kapera alipita dume alipokuwa anapimana na mwingine upande wa pili. Au jike mwenyewe alikwenda nyuma ya tuta. Baba wa kulea ndiye anayeamka usiku upepo ukileta harufu ngeni, awe amezaa au hakuzaa.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Farasi je?

Farasi wanaivunja methali hii. Zipo familia zenye madume wawili, hata watatu au zaidi, na zinaweza kudumu miaka. Lakini kwa nini wanakubali? Hapa watafiti hawajakubaliana, na mimi naona ubishi wao ndio sehemu tamu kuliko zote za somo hili.

Claudia Feh, aliyewafuatilia farasi wa Camargue, alieleza mwaka 1999 kwamba madume wa vyeo vya chini huunda ushirika wa wawili wawili. Dume mgeni akija, mdogo wa ushirika ndiye anayekwenda mbele kumkabili, na mkubwa anabaki na majike. Kwa kazi hiyo mdogo hapati bure: karibu robo ya watoto waliozaliwa katika kundi walikuwa wake. Kwa dume ambaye peke yake asingepata familia kabisa, robo ni kubwa.

Huko Kaimanawa, Wayne Linklater na wenzake waliona sura nyingine. Majike wa familia zenye dume zaidi ya mmoja walisumbuliwa zaidi, walikonda zaidi, walizaa mara chache, na watoto wao walikufa zaidi. Kwao huo haukuwa ushirika, bali madume walioshindwa kufukuzana.

Nadhani wote wawili wameeleza kweli walichokiona. Farasi wa Camargue waliofanya ushirika walijuana tangu utotoni, na kujuana huko ni mtaji. Ila nikipima kwa upande wa jike, ushahidi wa Kaimanawa unaniingia zaidi: walinzi wawili wanaogombana mlangoni si ulinzi.

Je, madume huua watoto?

Imewahi kushuhudiwa, Camargue ikiwa mahali pamoja wapo, lakini ni nadra sana. Dume anayechukua familia kwa kawaida huwaacha watoto aliowakuta, na wengine huwalinda kama wao.

Kuhusu mimba kuna ubishi. Mwaka 1983 Joel Berger, aliyefanya kazi Nevada, aliandika kwamba madume wapya huwalazimisha majike wenye mimba changa na mimba hutoka. Mwaka 1991 Jay Kirkpatrick na John Turner walijibu kwamba katika makundi waliyoyachunguza mabadiliko ya dume hayakuleta mimba kutoka kwa wingi. Halafu mwaka 2011 Luděk Bartoš na wenzake wa Jamhuri ya Cheki wakaleta jambo jipya. Majike waliopelekwa kupandwa nje, wakarudishwa nyumbani kwenye dume mwingine, ndio waliopoteza mimba zaidi. Watafiti hao walieleza kwamba jike aliyeweza kumfikia dume wa nyumbani hujitongozesha kwake ili kuficha ubaba, na akishindwa kumfikia, mwili wake huiachia mimba. Kama ni hivyo, uamuzi uko ndani ya jike.

Ni baba mzuri?

Naam, na nasema hivi bila kusita. Jike akijifungua, dume husimama kati yake na wengine. Mtoto akipotea kwenye majani marefu, mara nyingi dume ndiye anayemrudia. Watoto humpanda mgongoni akiwa amelala, humvuta singa, na yeye huvumilia kwa subira ambayo majike wengi hawana.

Kuna ishara ndogo utakayoipenda ukiijua. Mtoto akimkaribia dume huinyoosha shingo, hufungua midomo na kufunga na kufungua taya harakaharaka, kama anayetafuna hewa. Anasema, "Mimi bado mdogo, usinidhuru." Makapera wadogo nao huifanya mbele ya wakubwa.

Je, hupanda binti zake?

Ni nadra. Binti akianza kuingia kwenye joto, dume aliyemlea haonyeshi hamu naye, hata kama si mtoto wake wa damu. Kulelewa pamoja kunatosha. Binti mwenyewe huwafuata wageni, na kufikia miaka miwili mitatu wengi wamekwisha ondoka.

Nimesikia farasi dume ni mkorofi, ndiyo maana huhasiwa.

Farasi wengi wanaoonekana kwetu, wa gwaride au wa mashindano ya Ngong, wanaishi kwenye vyumba vya banda. Dume anayefungiwa peke yake tangu utotoni hajapita ukaperani. Hakufundishwa na mtu kunusa kwanza, kupisha, kusoma masikio ya mwenzake. Ukimtoa nje akauma na kupiga, unaona matokeo ya upweke. Dume wa Assateague hupitisha siku nzima bila kumgusa yeyote.

Akizeeka?

Miaka yake ya nguvu ni kati ya sita au saba na kumi na tano hivi. Baada ya hapo majike humponyoka mmoja mmoja. Wengine hurudi kwa makapera na kupokewa. Wengine hukaa peke yao karibu na maji, meno yamelika, hawawezi tena kusaga majani magumu ya kinamasi, na majira ya baridi huwachukua.

Dawa za kuzuia mimba zinawaathirije madume?

Kundi la Maryland husimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, na lengo ni farasi kati ya 80 na 100 ili wasimalize majani yanayoshika mchanga wa kisiwa. Mwaka 1994 majike walianza kupigwa kwa mshale chanjo iitwayo PZP, iliyotengenezwa kutoka kwenye mayai ya uzazi ya nguruwe. Haiwaondoi farasi kisiwani wala haiwaui, na majike wasiozaa kila mwaka wameishi maisha marefu zaidi. Kundi la Virginia ni mali ya kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha Chincoteague. Huko kila Julai farasi huogeleshwa kuvuka mlango wa bahari, na watoto wengi hupigwa mnada.

Kwa dume, chanjo ina gharama. Jike asiyeshika mimba hurudi kwenye joto kila wiki tatu, na msimu wa kazi unarefuka. Katika kisiwa cha Shackleford Banks, North Carolina, watafiti waliona majike waliochanjwa wakihama familia mara nyingi zaidi kuliko wasiochanjwa. Bado naiona bora kuliko kuwakimbiza kwa helikopta na kuwafungia mazizini, jambo linalofanywa katika majimbo ya magharibi, ambako mwaka 2024 serikali ilikadiria kuwa na farasi na punda huru zaidi ya 70,000. Lakini anayeipendekeza aseme pia kwamba inagusa maisha ya familia.

Naweza kuwasogelea?

Kanuni ya Assateague ni kukaa mbali nao angalau mita 12. Usiwape chakula. Zaidi ya yote, usisimame kati ya dume na majike wake. Akianza kuswaga hachagui njia.

Huku Afrika nitawaona wapi?

Farasi huru wapo Garub, kusini mwa Namibia, ukingoni mwa Jangwa la Namib, wakitegemea birika la maji lililowekwa kwa ajili yao. Inaaminika ni mabaki ya farasi wa majeshi ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Fisi waliwaandama watoto wao kwa miaka mfululizo mpaka kundi likapungua chini ya mia.

Lakini kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, shule iko karibu zaidi. Punda milia wa kawaida wana mpango ule ule: familia ya dume mmoja na majike kadhaa, makapera pembeni. Hans Klingel aliwachunguza Ngorongoro na Serengeti katika miaka ya 1960, akaona kwamba hata dume akiondoka, majike hubaki pamoja na kumpokea mwingine. Punda milia wa Grevy wa Samburu na Laikipia ni tofauti kabisa: dume wake hushika eneo lake, na majike huja na kuondoka. Punda dume wa maeneo makame hufuata njia hiyo ya pili.

Ukienda Ngorongoro, chagua mahali familia mbili zinapokaribiana kuelekea majini. Mtafute mwenye shingo nene anayetembea nyuma ya wote. Zikifika mita mia moja hivi, atapita mbele ya wenzake taratibu, na upande wa pili mwingine atatoka. Zima injini ya gari usikie pumzi zao pua zikigusana.